Bolti Zenye Rangi ya Kucha

Mtu akiniambia tena kwamba mume wangu alimvunja mama yake bega, nitamjibu hapo hapo mbele za watu, na sitachagua maneno. Nimenyamaza vya kutosha. Nilinyamaza sokoni, nikanyamaza kwenye foleni ya maji, nikanyamaza hata kwa ndugu waliokuja kunipa pole huku wananikagua juu mpaka chini. Sasa basi. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mwende mkaseme mnachotaka.

Mume wangu ni fundi wa maboksi ya spika za magari. Jina lake alilopewa na wazazi wengi hawalijui, wanamwita Kaza, kwa sababu akiwa kazini anaongea na bolti. "Kaza. Bado. Kaza kidogo. Haya, kaa hapo." Mteja mgeni akimsikia hudhani kuna mtu chini ya gari. Banda letu ni la mabati, nyuma ya gereji moja kubwa. Upande mmoja ni wake, mbao na misumeno. Upande wa pili ni wangu, mazulia na gundi, maana boksi akishalichonga yeye, mimi ndiye ninayelivisha zulia mpaka lionekane limezaliwa na gari.

Sasa spika ya besi si redio ya jikoni, jamani. Nyuma yake kuna sumaku ambayo ukiinyanyua vibaya, kiuno kitakukumbusha wiki nzima. Na haikai ikatulia. Kutwa inapiga, inatikisika, inatafuta pa kutokea. Ndiyo maana Kaza hafungi spika kwa skrubu za mbao. Anasema skrubu inang'ata mbao tu, na mbao ikitikiswa kila siku huchoka kung'atwa. Yeye hutoboa tundu mpaka upande wa pili, na kule nyuma anagongelea nati yenye meno. Meno yanazama kwenye mbao na nati haiendi popote. Bolti ikiingia kwa mbele inaikuta nati inaisubiri, chuma kinashika chuma. Uso wa boksi ni mbao mbili nene alizogandisha pamoja. Boksi lenyewe analifunga kwenye sakafu ya chuma ya gari, bolti zinapenya hadi chini, na chini kuna washa pana, visahani vya chuma vyenye tundu, ili chuma kisichanike. Mwisho anaweka wavu wa chuma juu ya spika. Mteja akilalamika kwamba kazi inachelewa, Kaza anamwambia, "Nenda kwa wanaowahi." Wengine huenda kweli.

Mimi na yeye tumegombana kwa jambo moja tu la kazi, nalo ni zulia. Mimi napenda zulia lipite mpaka chini ya ukingo wa spika, linapendeza. Yeye hataki kabisa. "Zulia linalala, mke wangu. Leo umekaza, kesho limelala, bolti imelegea." Basi nikishamaliza kupamba, naye anakuja na kisu anakata duara kwenye zulia langu, nami nabaki nasonya. Mafundi wa gereji wote wanaujua ugomvi huo, na wengine hupita makusudi kuuchochea.

Halafu kuna habari ya kucha zangu. Akishakaza bolti ya mwisho, Kaza huchukua chupa yangu ya rangi ya kucha, ile nyekundu, na kuchora mstari mwembamba kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye ukingo wa spika au wa boksi. Bolti ikisogea hata kidogo, mstari unakatika. Mteja akirudi, Kaza hahitaji kugusa spana, anainama tu na kutazama mistari yake. Wenzangu waume zao huwaletea rangi wapake kucha. Wangu ananiibia, anapaka bolti.

Huyo ndiye mnayemwita mzembe.

Kaza ana mdogo wake, shemeji yangu, kitindamimba. Mama mkwe alimpata wakati alikwisha kata tamaa ya kuzaa tena, akamlea kwenye pamba. Mtoto akivunja sahani, sahani ndiyo ilikuwa mbovu. Akishindwa mtihani, walimu walikuwa na wivu. Na kila mara Kaza, kifungua mimba, ndiye aliyeitwa aje aokote vipande. Sisemi kwa chuki. Nilipoolewa nilimkuta kijana mcheshi, mwenye maneno matamu, na mpaka leo ana ndevu kamili lakini mama yake akimtaja anasema "mtoto".

Shemeji akapata gari, stesheni wagoni. Akaja bandani akiruka ruka, anataka besi ya kufanya watu wajue anakuja kabla hajakata kona. Akataka spika zikae juu, zichungulie juu ya viti vya nyuma, zionekane. Kaza akamtengenezea kama zawadi. Nami nilimwona mume wangu akiifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi zote, kwa sababu mama mkwe, kwa ajili ya magoti yake, hukaa kiti cha nyuma ili anyooshe miguu. "Hapa mbele ya hizi spika atakaa mama," alikuwa akisema, na kila akisema anarudia kukaza. Chupa yangu ya rangi aliimaliza yote.

Haikupita muda mrefu, mkokoteni ukakatisha barabara, shemeji akafunga breki kwa nguvu. Spika moja ikang'oka, ikavuka kiti, ikatua kwenye bega la mama. Bega likavunjika.

Kabla mama hajamaliza kufungwa plasta, ukoo mzima ulikuwa umeshapata habari, na habari yenyewe ilikuwa imetoka kinywani mwa shemeji: "Boksi la kaka limefumuka." Wakaamini. Nani hakuamini? Aliyetengeneza boksi anajulikana, aliyevunjika anaonekana, basi kesi imekwisha. Na mama mkwe, alipoulizwa kama Kaza aje amwone, alisema neno moja tu: "Asije kwanza, mpaka moyo wangu upoe." Hiyo ikawa ndiyo hukumu.

Kaza hakubisha. Hapo ndipo aliponiumiza roho. Mtu unasingiziwa, bisha basi! Yeye akakaa kwenye kigoda chake, spana mkononi, anaigeuza geuza, akasema, "Labda nilisahau moja."

"Wewe? Usahau bolti ya mama yako?"

"Binadamu husahau."

"Basi nenda ukaliangalie hilo boksi! Si liko nyumbani kwenu?"

Akaiweka spana chini. "Nikienda nikakuta bolti yangu imelegea, mke wangu, nitaishije?"

Wateja wakaanza kuja kuchukua maboksi yao yakiwa nusu. Mmoja alisimama mlangoni akasema kwa sauti kwamba yeye hawezi kumwamini mtu aliyemvunja mzazi wake mwenyewe. Kaza akamsaidia kupakia. Akampakilia, nawaambia, na kamba akamfungia! Jioni hiyo akanieleza kwamba kuna mtu atakuja Jumamosi kuchukua vifaa vyote, drili, misumeno, meza, kila kitu. "Mkono uliomvunja mama usishike tena spana," alisema. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona akijua kufanya kitu kingine, wala kukipenda.

Mimi nilikuwa naenda kwa mama mkwe kila asubuhi kumwogesha na kumfulia, maana shemeji, mtoto, hajui hata beseni linakaa wapi. Mama alikuwa hanitazami. Namwosha, amegeukia ukuta. Namlisha supu, anameza, anarudi ukutani. Nikajua ananichukia kwa ajili ya mume wangu, nikavumilia, nikasema bega linauma, atakuja kuniangalia likipona.

Gari lilikuwa uani, limefunikwa turubai. Shemeji alikataza mtu kuligusa mpaka fundi wa bodi aje. Ijumaa, nikiwa naanika nguo, nililitazama turubai lile mpaka nguo zikaanza kunidondoka matopeni. Watu wengine wangesema upepo ulilifunua. Mimi sisingizii upepo. Niliweka kibanio chini nikalifunua mwenyewe.

Boksi lilikuwa pale pale. Halikufumuka, halikupasuka, halikusogea. Nikainama chini nikatazama bolti zilizolishikilia kwenye sakafu, na rangi yangu ya kucha ilikuwa juu yake, mistari mizima, hakuna hata mmoja uliokatika. Nikanyanyuka kutazama spika iliyokuwa imelala kwenye kiti. Jamani! Haikuwa spika tuliyofunga sisi. Sumaku yake ilikuwa kama mara mbili ya ile. Ukingo wake haukuwa na doa hata moja jekundu. Na kwenye uso wa boksi zilikuwa zimening'inia skrubu fupi za kufungia bawaba za kabati, zimeshika unga wa mbao tu. Wavu wa chuma haukuwapo. Na chini ya ukingo, ili ipendeze, alikuwa ameweka kipande cha zulia.

Nikapitisha mkono kwenye tundu la spika, nikapapasa kwa ndani. Nati za Kaza zilikuwepo zote, zimezamisha meno yake, zinasubiri bolti ambazo mtu alizitoa na kuzitupa. Spika ya pili, iliyobaki juu, nilipoigusa kwa kidole ilicheza.

Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima utoke. Badala yake nikang'oa skrubu mbili kwa vidole, kwa vidole, nikazifunga kwenye pembe ya nguo yangu, nikaenda nyumbani nguo za watu zikiwa bado kwenye ndoo.

Nikaziweka mezani mbele ya Kaza. Akaichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii si yangu."

"Najua."

"Umeitoa wapi?"

Nikamweleza kila kitu, spika, zulia, nati tupu, mistari ya chini iliyo mizima. Nilipofika hapo kwenye mistari aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasimama, akachukua spana yake, akatoka bila kuvaa hata viatu vizuri, na mimi nyuma yake. Marufuku ya mama hata hakuikumbuka.

Tulimkuta shemeji amekaa kando ya kitanda cha mama anachezea simu. Kaza hakusalimia. Alimwonyesha skrubu.

"Hizi ni nini?"

Shemeji akacheka kidogo. "Kaka, mbona ghafla? Labda fundi wa bodi ndiye alifungua."

"Fundi wa bodi hajafika," nikasema.

"Basi mwizi. Usiku watu wanaruka ukuta."

"Mwizi akuibie spika akuachie kubwa zaidi?" nikamuuliza. "Mwelekeze na kwetu basi, shemeji, aje atuibie na sisi!"

Akaanza kubabaika. Zile za kaka zilikuwa na sauti ndogo, alibadilishana na rafiki, alikuwa anataka kusema, hakupata nafasi, mama akaumia, mambo yakawa mengi. Kaza akasikiliza, hakumkatisha. Kisha akamuuliza ni lini hasa alikuwa anataka kusema. Shemeji akamtazama mama.

"Mwacheni mtoto," mama mkwe akasema.

Ndipo alipogeuka kutoka ukutani. "Mimi ndiye niliyemshikia spika wakati anakaza. Ilikuwa nzito, peke yake hakuiweza. Nilimwambia mwite kaka yako, akasema kaka atasema sana. Nikashika mwenyewe, kwa mkono huu huu."

Na huo mkono ndio ulikuwa umefungwa shingoni.

Kaza akaketi chini sakafuni. "Mama. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu hospitali?"

"Mwanangu, huyu watu wangemsema angevunjika. Wewe una moyo, unastahimili. Mkubwa ni jalala."

Aka! Hapo nilishindwa. Nilimwambia mama mkwe maneno ambayo mke wa mtu hapaswi kumwambia mama wa mumewe, na siyajutii. Nilimwambia kwamba methali hiyo haikutungwa na jalala, ilitungwa na watupa taka. Nilimuuliza ni jalala gani alilolizaa yeye mwenyewe, kwa uchungu ule ule aliomzaa huyu wa ndevu. Nilimwambia nimemwosha mgongo kila asubuhi naye yuko ukutani anajua. Ningeendelea mpaka giza liingie kama Kaza hangeinua mkono.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, "kesho nilikuwa natoa vifaa vyangu. Vyote. Nilidhani ni mkono wangu."

Mama mkwe akageukia ukuta. Siku hiyo ndipo nilipoujua ukuta ule. Hakuwa ananichukia. Alikuwa anaogopa kunitazama.

Kaza akatoka uani. Akalivuta turubai lote, akaanza na ile spika iliyobaki. Skrubu zilitoka bila hata bisibisi. Shemeji akaja mbio. "Taratibu, kaka, hiyo ni yangu!"

"Ni yako kweli. Shika." Akamwekea mikononi.

Kisha akashuka kwenye bolti za sakafuni. Hakuharakisha. Kila bolti aliufuta mstari wake vumbi kwa kidole gumba, akautazama, ndipo akaweka spana. Nilimwona midomo inacheza lakini sikusikia anasema nini. Shemeji alikuwa amesimama na ile spika kifuani, mara aishushe tumboni, mara aipandishe, jasho linamtoka.

"Kaka, nzito."

Kaza hakuinua kichwa. "Mama naye alikuambia hivyo?"

Shemeji akaendelea kusimama pale mpaka bolti ya mwisho ikatoka, na hakuna aliyemwambia atue. Tukalibeba boksi letu, mimi huku na mume wangu kule. Langoni Kaza akageuka. "Mama ana kliniki wiki ijayo. Atapanda gari lisilo na kelele."

Jumamosi mtu wa vifaa alipokuja, mimi ndiye niliyempokea, na nadhani hatapita tena barabara ile.

Mnadhani imeishia hapo? Wazee wa ukoo walipoelezwa ukweli walikaa kikao, wakatuambia mambo ya ndani hayaanikwi, tusameheane, yamepita. Ajabu, lilipokuwa kosa la Kaza lilianikwa mpaka kwenye foleni ya maji! Lilipokuwa la kitindamimba likawa siri ya familia. Wale waliomtangaza mume wangu hakuna hata mmoja aliyerudi kutangaza kinyume. Ndiyo maana natangaza mwenyewe.

Bega la mama mkwe limepona. Nimemwona kwa macho yangu anaanika shuka kwa mikono yote miwili. Amenitumia salamu, amemtumia Kaza matunda, lakini neno moja dogo la kumwomba mwanawe radhi halijamtoka, na Kaza hataki nilidai kwa niaba yake.

Wateja wamerudi, si wote, ila kazi ipo. Juzi nilimkuta amemaliza boksi la mwalimu mmoja, zuri, mistari yangu myekundu imekauka. Akanawa mikono, akavaa shati, tukawa tunafunga mlango. Akarudi ndani. Nikamsikia anaweka spana. Nilipoingia alikuwa amerudia kukaza bolti zote, na mistari yote ameikata.

"Zilikuwa zimelegea?" nikauliza.

"Hapana."

"Sasa?"

"Nilitaka kuwa na hakika tu."

Nilitaka kugomba. Nikatoa chupa ya rangi kwenye mkoba nikampa. Akachora upya, mstari baada ya mstari, na kila aliochora alisogea pembeni ili nami niutazame.

"Umekaza," nikamwambia. Akasogea kwenye bolti inayofuata, akasubiri nimwambie tena.